Kuinasa Grimeton ukiwa Moshi

SWALI: Nasikia Uswidi huwasha mtambo wa redio wa 1924 hadi leo. Kwa nini wasiweke wa kisasa? Nami nitaunasaje hapa Moshi?

JIBU: Wakiweka wa kisasa, urithi wenyewe umekwisha. Mtambo huo uko Grimeton, Uswidi, na huitwa wa Alexanderson kwa jina la mhandisi aliyeubuni; hauna valvu wala transista, ni jenereta inayotoa mawimbi ya redio moja kwa moja. Sahani ya chuma yenye mianya 488 huzunguka mara 2,115 kwa dakika: zidisha, gawa kwa 60, unapata hezi (mitetemo kwa sekunde) 17,200 hivi, ndiyo masafa yake ya redio. Mwendo ukiyumba kidogo, masafa nayo yanahama. Ndiyo maana fundi anayejua kuutuliza ni wa kutunzwa kama mtambo wenyewe. UNESCO iliuorodhesha kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2004.

Kwa kawaida huwashwa Jumapili iliyo karibu na Julai 2. Zungushia waya wa shaba wenye vanishi mara 50 kwenye fremu ya mbao ya mita 1, uunganishe na tundu la maikrofoni la kompyuta. Kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta weka sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, maana kompyuta hunasa masafa hadi nusu ya idadi hiyo tu. Kwa 32,000 kompyuta huishia kilohezi 16, hutapata kitu. Ili kupunguza kelele, chomoa chaja, utumie betri, na ukae mbali na nyaya za TANESCO na taa za LED. Ishara ikifika, itakuwa hafifu: ni msimbo wa Morse (nukta na vistari), na jina la kituo ni SAQ.