Vyama vinne, muhula mmoja

Mdogo wangu, nimekuelewa: uko mwaka wa kwanza, umejiunga na mdahalo, kwaya, mpira na kamati ya wanafunzi, alama zimeshuka na unaona aibu kujitoa. Nami niliwahi kubeba vyama vitatu. Nilikuwa nasinzia maabara, kalamu mkononi.

Andika ratiba ya wiki. Saa ni 168. Toa 56 za kulala, kisha vipindi, kujisomea, kula na kufua. Kinachobaki ni kidogo kuliko unavyodhani. Bakiza vyama viwili. Mimi ningeshika mpira kwa ajili ya mwili, na mdahalo, maana unakuzoesha kusimama mbele za watu na kujenga hoja.

Usipotee kimyakimya. Mwone mwenyekiti ana kwa ana, na kama ulishika fedha au daftari la mahudhurio, kabidhi kwa maandishi, msaini wote wawili. Ukiaga vizuri, hata mwakani watakupokea.

Lakini kama usingizi umekata, huli, au unawaza kuacha chuo, usingoje mitihani: nenda kwa mshauri nasaha wa wanafunzi wiki hii hii. Tafadhali.