Kabla Hujachimba Kisima Pwani

Kisima chetu cha Kigamboni, Dar es Salaam, kilitoa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa miaka mitatu. Mwaka wa nne sabuni ikaanza kukataa kutoa povu, mchicha ukaungua ncha za majani, chai ikawa na chumvi. Fundi aliyetuchimbia akashauri tuongeze kina. Tukamlipa, akashuka mita 15 zaidi, na maji yakaja na chumvi kuliko ya mwanzo. Hapo ndipo nilipoanza kujisomea haidrolojia, na ninakuandikia wewe mwenye kiwanja pwani na pesa ya kisima mkononi.

Haidrolojia ni elimu ya safari za maji: mvua kiasi gani inanyesha, kiasi gani kinarudi angani kwa jua na kwa majani ya miti, kiasi gani kinakimbilia mtoni, kiasi gani kinazama ardhini. Mimi naiona kama daftari la duka. Kuna kinachoingia, kinachotoka na kinachobaki stoo.

Stoo ya pwani ina hatari yake. Maji ya mvua yaliyozama ardhini yanaelea juu ya maji ya bahari, kwa sababu ya bahari ni mazito kidogo: mita moja ya ujazo ina kama kilo 1,025, ya mvua kilo 1,000. Tofauti ndogo, lakini ndiyo inayoamua kila kitu. Pale maji baridi yanaposimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna takriban mita 40 za maji baridi. Wataalamu wanaiita kanuni ya Ghyben na Herzberg. Sasa igeuze: ukivuta hadi maji yashuke mita 1 na kubaki hapo, chumvi inaweza kupanda kwa mita 40. Sisi tulifunga pampu kubwa na kuuzia mtaa mzima. Tuliivuta bahari wenyewe, kisha tukachimba kuifuata.

Kwa hiyo, kabla ya kuchimba, onja maji ya visima vya majirani, na uonje mwishoni mwa kiangazi. Masika kila kisima ni kitamu. Mlipe mtaalamu wa maji ya ardhini apime kwanza. Inauma, lakini shimo la chumvi linauma zaidi. Uliza kuhusu kibali kwenye Bodi ya Maji ya Bonde lako (Tanzania ina mabonde 9, na Dar es Salaam iko Wami/Ruvu). Funga pampu ndogo, ivute polepole.

Na usisahau bati. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 30 ikinyesha usiku mmoja, ni lita 3,000 zinazomwagika barabarani kama huna mfereji na tangi. Natamani ningelijua hili kabla ya kumwita fundi.

Kisima chetu bado kina chumvi, tunakitumia kwa usafi tu. Lakini kila Jumamosi alfajiri, kabla pampu haijawashwa, nashusha kamba yenye jiwe na mafundo kila nusu mita, naandika tarehe na kina cha maji, nijue kama yanashuka. Kama una kisima, anza Jumamosi hii.