Akodioni ya marehemu: nitajuaje thamani yake?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mpigaji katika kikundi kidogo cha taarab hapa Unguja. Familia ya mpigaji mmoja aliyefariki inauza akodioni yake, Weltmeister yenye vitufe 96 vya besi, ambayo imekaa kabatini kwa miaka tisa. Kwa nje inang'ara kama mpya, na wanasema haijawahi kufunguliwa na fundi yeyote. Bei wanayoitaka ni sawa na mshahara wangu wa miezi mitatu. Niangalie nini kabla sijatoa fedha? Sitaki kuwadhulumu wafiwa, wala kujidhulumu mwenyewe.
Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Maneno mawili katika barua yako yamenitia wasiwasi, nayo ni yale yanayotajwa kama sifa: kwamba imekaa kabatini miaka tisa na kwamba haijawahi kufunguliwa. Katika mwambao wetu wenye joto na unyevu wa chumvi, akodioni inayopigwa kila wiki huwa na afya kuliko iliyofungiwa, kwa sababu hewa hupita ndani yake na ndimi zake, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vinavyotoa sauti, huendelea kutikisika. Iliyofungiwa hushika kutu na ukungu kimyakimya, na rangi ya nje haibadiliki hata kidogo. Kwa hiyo mng'aro usikupandishie bei, na mkanda uliochakaa usikushushie, kwani mkanda hubadilishwa kwa fedha kidogo.

Thamani ya akodioni imo katika ndimi zake za chuma, nta inayozishikilia na mivukuto inayozipelekea hewa. Akodioni ya besi 96 kwa kawaida ina vibonyezo 37 mkono wa kulia. Ikiwa ni ya sauti tatu, kila kibonyezo kina ndimi sita, tatu za kuvuta na tatu za kusukuma, nazo jumla yake ni ndimi 222 kabla hujagusa upande wa besi. Fundi akilazimika kuzitoa zote, kuzisafisha, kuzibandika upya kwa nta na kuzisawazisha mojamoja, malipo yake yanaweza kuipita bei ya akodioni yenyewe.

Ukifika, omba sanduku lifunguliwe mbele yako na uvute pumzi kabla hujakishika chombo. Harufu ya ukungu inayokupiga puani mara moja ni habari ya kutosha kuhusu vingozi vidogo vilivyomo ndani, vinavyozuia hewa kwenye ndimi. Kisha kiinue na ukiinamishe polepole kushoto na kulia. Ukisikia kitu kinachezacheza kama kokoto ndani ya kopo, yumkini kibati cha ndimi kimebanduka kwa sababu nta imekufa.

Jaribio la mivukuto halihitaji ujuzi wa muziki. Fungua vifungo vyake vya juu na vya chini, shika upande wa vibonyezo ukiwa juu, uache upande wa besi uning'inie bila kubonyeza chochote. Mivukuto mizima hufunguka polepole mno, kana kwamba inashuka kwa kusitasita. Upande wa besi ukiporomoka kama ndoo iliyokatikiwa kamba kisimani, hewa inavuja mahali. Hapo tega sikio kwenye pembe za mikunjo, kisha kwenye ukingo ambapo mivukuto inaungana na mwili, kisha kwenye vibonyezo vyenyewe. Kuvuja ukingoni hurekebishwa kwa urahisi, lakini pembe zilizooza ni kazi kubwa.

Baada ya hapo piga kibonyezo kimoja baada ya kingine, kutoka chini hadi juu, kila kimoja kwa kuvuta na kwa kusukuma, na urudie kwa kila swichi inayotoa sauti moja pekee. Usikubali kuchezewa wimbo mzuri na muuzaji halafu ukaridhika, kwa kuwa mpigaji hodari huvikwepa vibonyezo vibovu bila hata kukusudia. Sauti inayotoka ukivuta na kukatika ukisukuma inamaanisha ulimi mmoja umeziba au umevunjika. Sauti nzito zinazochelewa kuitika, au zinazopapatika mwanzoni, mara nyingi ni vingozi vilivyokunjamana. Besi nazo zijaribiwe kitufe kwa kitufe, maana vikizama visirudi, ufundi wa vijiti vilivyosongamana mle ndani unachosha hata mafundi wazoefu.

Kwa usawa wa sauti, tumia programu ya simu ya kupimia noti. Akodioni nyingi husawazishwa noti ya A ikiwa na mitetemo 440 au 442 kwa sekunde, na ikiwa yote imepanda kidogo kwa kiwango kilekile isikutishe, kwani fidla, udi na ganuni zinaweza kuifuata. Kinachoharibu kikundi ni noti moja kupanda na jirani yake kushuka. Ila tafadhali tofautisha kasoro na mtetemo wa makusudi. Swichi inayounganisha sauti mbili za kati huzitofautisha kidogo ili zitetemeke, na mtetemo huo ndio utamu wenyewe katika taarab. Vilevile zipo akodioni zilizorekebishwa kwa ajili ya maqamu, yaani mipangilio ya noti ya muziki wa Kiarabu, ambapo noti kama E na B zimeshushwa robo toni. Kwa asiyejua, hiyo ni akodioni mbovu, na kwa mpigaji wa taarab asilia inaweza kuwa bahati.

Sasa lililo muhimu kuliko yote: omba ifunguliwe na fundi wa vinanda, si seremala. Pini ndogo zinazoshikilia mivukuto hutolewa kwa koleo lililofungwa kitambaa, na ndani utaona safu za mbao zenye vibati vya ndimi. Bonyeza nta kwa ukucha mahali pasipo na ulimi. Ikiingia kidogo na kuacha alama, bado ina uhai. Ikimeguka kama ukoko mkavu, hesabu kwamba yote itabadilishwa. Doa dogo la kutu husafishwa, ila kila chuma kinachokwanguliwa hubadilisha noti, kwani ulimi ukipunguzwa nchani sauti hupanda na ukipunguzwa shinani hushuka. Kutu iliyotapakaa safu nzima ni sababu ya kuaga kwa adabu.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua akodioni kwa kuangalia picha, na niliyemwuliza alinihakikishia kwamba haijaguswa. Ilikuwa kweli haijaguswa. Nilipoifungua nilikuta vibati kumi na moja vimelala chini ya mivukuto, na nta imegeuka unga.

Kuhusu jina, Weltmeister zilitengenezwa Klingenthal, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, nazo ni imara. Hata hivyo jina peke yake halipangi bei. Hohner, kwa mfano, ilitengeneza akodioni nyepesi za wanafunzi na pia Morino na Gola, ambazo ni za daraja la juu kabisa. Anza na bei ya akodioni ya aina hiyohiyo iliyo tayari kupandishwa jukwaani, utoe makadirio ya fundi, kisha uwaoneshe wafiwa hesabu hiyo ikiwa imeandikwa. Hapo hakuna atakayedhulumiwa. Na fundi asipopata kasoro kubwa, ninakusihi usipunguze bei kwa ajili tu ya kushindana.

SWALI: Babu aliacha kinanda kidogo cha vitufe, Hohner, alichokuwa akipigia mwomboko, ile ngoma ya Wakikuyu. Kila kitufe kinatoa sauti mbili, moja nikivuta na nyingine nikisukuma. Mnunuzi anasema kimeharibika na anatoa bei ya chuma chakavu.
Msomaji, Murang'a

JIBU: Usimwuzie. Vinanda vya aina hiyo ndivyo vilivyoundwa. Kwenye safu iliyopangwa kwa C, kusukuma hutoa C, E na G, na kuvuta hutoa D, F, A na B. Kasoro ni kitufe kisichotoa chochote upande mmoja. Jaribu mivukuto kama nilivyoeleza hapo juu, kisha utafute mpigaji wa mwomboko akisikilize kabla hujataja bei. Na kama karing'aring'a ya babu, ule mduara wa chuma unaogongwa kushika mapigo, bado iko nyumbani, usiitenganishe na kinanda chake, kwa sababu atakayekitaka kwa dhati atavitaka vyote viwili.