Vidole vilivyoganda havichuliwi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi naendesha baiskeli majira yote ya baridi, na mwisho wa wiki huwa nakwenda kuteleza kwa skii. Wiki iliyopita niliendesha kwa saa moja na nusu asubuhi, baridi ikiwa nyuzi 12 chini ya sifuri. Nilikuwa nimevaa soksi jozi tatu ndani ya viatu vya baiskeli. Nilipofika, vidole vitatu vya mguu wa kushoto vilikuwa vyeupe kama nta na sivihisi kabisa. Mwenzangu akavichua kwa theluji, akaninywesha pombe kali ili damu ipate moto, halafu tukaiweka miguu mbele ya hita. Usiku vilivimba na kuuma ajabu. Sasa kidole gumba kina lengelenge na ncha yake bado ina ganzi. Mwenzangu anasema tatizo ni kwamba nilichelewa kuchuliwa, na safari nyingine nipake mafuta ya pilipili kabla ya kutoka. Ni kweli? Na wikendi hii naweza kurudi kwenye theluji?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Nalijibu kwanza swali la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka. Usirudi kwenye theluji wikendi hii. Kidole chenye lengelenge, ambacho wiki nzima hakijarudisha hisia, kinatakiwa kuonwa na daktari ana kwa ana, leo au kesho. Lengelenge usilitoboe. Angalia rangi ya maji yaliyomo: yakiwa maangavu au ya manjano hafifu ni afadhali, yakiwa na damu, jeraha limezama zaidi. Na umkumbushe daktari suala la chanjo ya pepopunda, maana ngozi iliyokufa kwa baridi ni mlango wazi wa vijidudu.

Sasa hilo la kuchua. Baridi ikianza tu, miguu ya namna hii huanza kuletwa kwangu, na karibu yote imekwisha kuchuliwa kabla sijaiona. Wanaochua ni watu wema. Mtu hawezi kukaa mikono mitupu akimtazama rafiki yake hajihisi vidole. Lakini mikono hiyo hiyo ya huruma ndiyo inayogeuza jeraha dogo kuwa kubwa, na inaniuma kwa sababu jambo hili halihitaji dawa wala utaalamu, ni mtu kujizuia tu.

Fikiria kilichomo ndani ya kidole kile cheupe. Nyama ya mwili huanza kuganda ikishuka nusu nyuzi hivi chini ya sifuri. Chembe za barafu hujitengeneza kwanza nje ya seli, kwenye majimaji yaliyo katikati yao, kisha zinavuta maji kutoka ndani ya seli, nazo seli zikasinyaa na kubaki na chumvi nyingi kupita kiasi. Barafu ile ina ncha. Ukishika kidole hicho ukakisugua huku na huku, unazisukuma ncha hizo ndani ya nyama ambayo ingeweza kupona. Na mwenye mguu hasemi "basi, unaniumiza", kwa kuwa ganzi imemziba mdomo. Ukichua kwa theluji unaongeza mawili: punje za theluji zinachubua ngozi kama msasa, na baridi inaendelea kuingia mahali ambapo tunataka itoke. Nimewahi kumpokea kijana ambaye mgongo wa kidole chake ulikuwa na mikwaruzo midogo midogo mithili ya goti lililoanguka kwenye kokoto. Alikuwa amechuliwa theluji kwa dakika 20 na watu watatu, kwa zamu.

Desturi hii ina historia, na nadhani ukiijua utaiacha kwa urahisi zaidi. Mwaka 1812, jeshi la Napoleon liliporudi nyuma kutoka Urusi, daktari wake wa upasuaji, Dominique Jean Larrey, aliona askari wakiota moto usiku, miguu ikayeyuka, kesho yake wakatembea na miguu ikaganda tena. Waliofanya hivyo ndio waliooza miguu vibaya kuliko wote. Larrey akahitimisha kwamba joto la ghafla ndilo adui, akapendekeza kuchua kwa theluji au barafu. Jicho lake liliona sawasawa, ila lawama akaiweka pasipostahili. Kilichowaangamiza wale askari ni moto mkali kwenye miguu isiyo na hisia, na zaidi ya hapo kuganda mara ya pili. Ushauri wake ulidumu zaidi ya miaka 100. Ni katikati ya karne iliyopita ndipo majaribio, na kazi ya madaktari waliotibu watu wengi walioganda kama William Mills wa Alaska, yalipoonyesha kwamba kuyeyusha upesi kwa maji ya uvuguvugu kunaokoa nyama nyingi zaidi. Kwa hiyo anayechua kwa theluji leo anafuata ushauri wa mwaka 1812 ambao waganga wenyewe waliuacha kabla baba yake hajazaliwa.

Maji yenyewe yawe na joto la nyuzi 37 hadi 39, yapimwe kwa kipimajoto. Kama hakuna kipimajoto, mtu mwingine mwenye mkono mzima atumbukize kiwiko kwa nusu dakika, kisiungue. Mguu ukae humo bila kugusa kuta za beseni, maji yazungushwe taratibu na yaongezwe ya moto yanapopoa, kwa dakika 15 hadi 30 au mpaka ngozi ilainike na kuwa nyekundu au ya zambarau. Itauma. Maumivu hayo ni damu inarudi, usiyakimbie ukautoa mguu kabla ya wakati. Kidonge cha ibuprofeni kinasaidia, kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo wala ugonjwa wa figo. Baada ya hapo kausha kwa kugusa tu, weka kitambaa safi katikati ya vidole, uende hospitali. Na kama bado uko porini na lazima utembee au uteleze kilomita kadhaa ndipo ufike, usiuyeyushe hapo. Mguu ulioganda unaweza kuukanyagia ukafika; ulioyeyuka ukaganda tena ni wa kukatwa.

Hita je? Hita ni kosa la pili, na mara nyingine ndilo kubwa zaidi. Nimemwona mtu mwenye mistari mitatu mieusi iliyonyooka chini ya unyayo, imelingana kabisa na vyuma vya hita aliyoiegemea. Baridi haichori mistari iliyonyooka. Aliungua, hakujua, kwa sababu mguu usiohisi baridi hauhisi moto pia. Uvimbe na maumivu yako ya usiku vingekuwepo hata kwa tiba sahihi, sitakudanganya. Lakini mweleze daktari wako habari ya hita, atafute dalili za kuungua.

Pombe sitaizungumzia sana. Inafungua mishipa ya damu iliyo chini ya ngozi, damu ya moto inatoka ndani ya mwili na kuja juu kupoteza joto, mtu anajiona amechangamka huku kifua na moyo vinapoa. Inapunguza pia kule kutetemeka kunakozalisha joto, na inampa mtu ujasiri wa kusema "twende raundi moja zaidi". Chai tamu kutoka kwenye chupa inafanya kazi ambayo pombe inasifiwa bure kuifanya. Sigara nayo inaminya mishipa ya vidole. Iache kabla ya kutoka na ukiwa njiani.

Mafuta ya pilipili ndiyo yanayonikosesha subira, kwa sababu kuna watu wanayauza wakijua. Kiini cha pilipili kinagusa mishipa ya fahamu ileile inayopokea habari ya moto, ubongo ukaambiwa "hapa pana joto". Joto halipo. Weka kipimajoto kwenye chupa ya mafuta hayo uone: ni baridi kama chumba kilivyo. Ulichofanya ni kunyamazisha kengele yako ya hatari. Vidole vikianza kupoa, kwanza vinauma, kisha vinachoma, kisha maumivu yanaisha, na pale yanapoisha ndipo mtu anapofurahi kwamba "nimezoea". Hajazoea, vidole vimeacha kuhisi. Aliyepaka pilipili anaikosa hata ile hatua ya kwanza ya kuumia ambayo ingemwambia ashuke kwenye baiskeli. Hata mafuta ya kawaida ya usoni, yale mazito, yameleta shida hiyohiyo: watafiti wa Ufini waliowafuatilia askari wa jeshi walikuta mafuta ya "kukinga baridi" hayakuwakinga, na waliojipaka waliumia zaidi kuliko wasiojipaka. Ngozi huwa laini, inajisikia vizuri, na mtu anaacha kujifunika.

Kilichokugandisha wewe nakiona kwenye barua yako, na hakitibiki kwa kupaka kitu. Soksi jozi tatu ndani ya kiatu kilichotengenezwa kwa jozi moja zinabana mguu, na mguu uliobanwa haupati damu, nayo damu ndiyo inayopeleka joto vidoleni. Jaribu: vaa kama ulivyovaa siku ile, kisha jaribu kuchezesha vidole ndani ya kiatu. Visipocheza, umeshapata jibu. Jozi moja ya sufu, kiatu kikubwa kwa saizi moja, na nafasi ya hewa katikati, hivyo ni bora kuliko jozi tano. Pamba isiingie kabisa. Ikilowa jasho hukaa imelowa, ilhali sufu iliyolowa bado ina joto kidogo.

Tena igeuze soli ya kiatu chako uitazame. Kama ni kile cha kunasa kwenye pedali, pale chini ya vidole pana kipande cha chuma kilichofungwa kwa skrubu zinazopenya ndani. Chuma hicho kinabeba baridi ya pedali na kuipeleka moja kwa moja chini ya unyayo, kwa saa moja na nusu. Viatu vingi vya aina hiyo vina matundu ya kupitisha upepo wa kiangazi pia. Na upepo unautengeneza mwenyewe: ukienda kilomita 20 kwa saa kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba uko kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, hata kama hakuna jani linalotikisika. Majira ya baridi tumia pedali bapa na buti za kawaida za theluji. Utapoteza kasi kidogo, utabaki na vidole.

Wanaoteleza kwenye barafu hubanwa vilevile na kamba za viatu vyao, na wa skii huganda zaidi wakiwa wamekaa kwenye kiti kinachowapandisha mlimani, jasho la mteremko likipoa mgongoni, kuliko wanaposhuka. Wote hao wana dawa moja: kukagua. Kila nusu saa tazameni nyuso za wenzenu, pua, mashavu, ncha za masikio. Doa jeupe ukiliona, funika kwa kiganja kikavu cha moto, usisugue, ingieni ndani. Likirudi jekundu ndani ya dakika chache, ilikuwa bado ni ngozi ya juu tu. Lisiporudi, msitoke tena.

Tazama wanamichezo wakubwa wanavyoichukulia baridi. Katika skii za masafa, kanuni za shirikisho la kimataifa zinaahirisha mashindano kipimo kikishuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwenye Olimpiki ya Beijing ya mwaka 2022 mbio za kilomita 50 za wanaume zilikatwa zikawa chini ya 30 kwa sababu ya upepo na baridi. Hao wana madaktari pembeni ya njia na miili iliyofundishwa miaka mingi, na bado wanapunguziwa safari. Wewe unatoka peke yako asubuhi na kichupa cha pilipili.

Jambo ambalo waganga wa mitaani hawamwambii mtu ni kwamba jeraha la baridi lina saa zake. Nyama ikishayeyuka, damu huanza kuganda ndani ya mishipa midogo iliyojeruhiwa, na hapo ndipo vidole vingi vinapofia, baada ya baridi yenyewe kuisha. Zipo dawa za kuzuia hilo hospitalini. Iloprosti iliidhinishwa Marekani Februari 2024 kwa watu wazima wenye jeraha kali, ili kupunguza hatari ya kukatwa vidole; zipo pia dawa za kuyeyusha damu iliyoganda ambazo hutolewa ndani ya saa 24 tangu kuyeyuka. Mtu anayekaa nyumbani siku tatu akichuliwa na kupakwa, saa hizo zinampita. Nimewaambia watu hivyo wakiwa wamelala kitandani mbele yangu, kidole tayari ni cheusi na kimekauka, nao wananijibu kwamba fulani aliwahakikishia kingerudi.

Lako halionekani kufika huko, kwa jinsi ulivyolieleza, lakini nataka aliyesomea hilo alione. Muulize pia kuhusu ganzi ile ya ncha, apime kama damu inarudi haraka ukibonyeza ukucha. Akishakuruhusu kutoka, jua kwamba mguu wa kushoto utakuwa mwepesi kupoa kuliko wa kulia kwa miezi, pengine miaka. Anza na safari za dakika 20 karibu na nyumbani, vua kiatu ukifika, vitazame vidole kwenye mwanga. Na huyo mwenzako mwonyeshe barua hii, bila kumgombeza.