Shomoro wa Marekani ni jamaa wa vibarabara
Usidanganywe na jina, ndugu: shomoro wa Marekani si wa familia moja na hawa wetu wanaookota makombo chini ya meza za vibanda vya chapati Kampala. Wetu ni Passeridae. Wale wana familia yao, Passerellidae, na walio karibu nao zaidi kuliko shomoro wetu ni vibarabara (jenasi Emberiza), kama yule wa kifua cha manjano na kichwa cheusi chenye mistari myeupe anayeimba kwenye migunga. DNA ndiyo iliyoamua; mpaka 2017 Wamarekani wenyewe waliwahesabu humo humo na vibarabara. Jina la “shomoro” lilitoka kwa walowezi wa Kizungu, kwa kufanana rangi tu. Ila shomoro wa mijini kule ni Passer halisi (jenasi ya shomoro wetu), aliletwa kutoka Uingereza miaka ya 1850.