Leza bado, dada

Umeuliza kama mama, ambaye kisukari kimemgusa macho, apigwe leza (mwanga mkali wa kutibu jicho). Hapana. Kama karatasi ya daktari hapo Bukavu inasema ni hatua ya mwanzo tu ya ugonjwa huo wa macho, yaani vivimbe vidogo kwenye mishipa ya damu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), na katikati ya retina hakujavimba, mama hahitaji leza wala sindano ya jicho kwa sasa. Tiba yake ni kudhibiti sukari na presha: hemoglobini glike (kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu) karibu 7% (kwa mzee ambaye sukari humshuka hadi kuzimia, daktari hulegeza lengo), presha chini ya 130/80. Sukari iliyokaa juu miaka mingi isishushwe kwa ghafla, maana retina inaweza kuharibika zaidi miezi ya kwanza. Arudi kupimwa baada ya miezi 12, hata akiona vizuri kabisa, kwa matone ya kupanua mboni. Macho yatabaki na ukungu saa kadhaa, basi mtu amsindikize. Miwani mipya asinunue mpaka sukari itulie wiki 4 hadi 6, kwani lenzi ya jicho hubadilika nayo. Akiona madoa meusi yanaelea au kama pazia limefunika jicho, tafadhali, mpeleke siku hiyohiyo.