Unga wa njano ulionidanganya miezi saba

"Shikamoo kaka. Nimepata nafasi ya uzamili India, na msimamizi amenipa mradi wa zile molekuli za umbo la sahani. Nasikia wewe ulizifanya. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako uliingia Jumapili usiku na nimeukalia siku tatu. Si dharau. Umenitonesha kidonda nilichodhani kimeshapona.

Kwa wasomaji wengine: hizi ni pete za kaboni sita sita zilizoshikana mpaka zikawa kisahani bapa, na ukingoni zikaachiwa mikia mirefu ya mafuta. Ukizipasha moto kiasi zinajipanga zenyewe, moja juu ya nyingine, kama chapati ndani ya hotipoti, zikiachana nanomita 0.35 hivi. Umeme unapita juu na chini ndani ya safu. Kuhamia safu ya jirani ni shida, maana mikia inakaa kama plastiki ya waya. Mwaka 1977 mwanafizikia Chandrasekhar na wenzake, huko huko India, mjini Bangalore, walionyesha kwamba vitu vya umbo hili vinaweza kuwa nusu fuwele nusu kimiminika, kwa hiyo unakwenda kwa wenyewe. Na nyumbani wakikuuliza faida yake, waambie kuhusu filamu ya Fuji iliyobandikwa kwenye skrini ili picha isiharibike ukiitazama kwa pembeni. Ndani yake kuna trifenilini, mojawapo ya visahani hivi. Mimi mama nilimwambia nasomea masizi, na sikumdanganya sana, kwani moshi wa kuni nao unaacha pete za namna hiyo kwenye sufuria. Alinyamaza, kisha akauliza kama kweli nimepanda ndege kwenda kusomea masizi.

Nilianza na hiyo trifenilini. Unachukua katekoli, kemikali yenye pete moja tu, unaipachika mikia, unaunganisha tatu tatu kwa kloridi ya chuma, FeCl₃, kisha unamwaga methanoli. Jioni moja tu kazi imekwisha. Niliiweka chini ya hadubini yenye kibao cha moto, na kati ya nyuzi 70 na 100 ikachanua mapepeo ya rangi ambayo sijawahi kuyasahau. Nikavimba kichwa. Nikamwambia msimamizi nataka HBC, yaani heksabenzokoronini.

HBC ni kubwa: kaboni 42, pete 13, bado hujahesabu mikia. Mwaka 2001 watafiti wa Cambridge na Mainz waliichanganya na rangi ya perilini, na katika kila fotoni (chembe za mwanga) 100 za mwanga wa nanomita 490 hivi, zaidi ya 34 zikageuka umeme. Mimi nilitaka kuwapita. Cheka tu.

Hatua ya mwisho inaanza na molekuli yenye pete moja katikati na sita pembeni, kama mapanga ya feni. Kazi yako ni kuyafunga mapanga hayo yashikane, vifungo sita, na ili vifungike lazima haidrojeni 12 zitoke. Zinatoka zikiwa gesi ya HCl. Makala niliyoifuata ilisema kwa nusu mstari tu kwamba kazi ifanyike kwenye argoni, gesi isiyoungana na kitu. Nikajaza puto argoni, nikalichomeka juu ya chupa, nikakaa.

Unga ulitoka wa njano, mzuri kabisa. Kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli nilitarajia kilele kimoja, 1531. Nikapata 1531, 1565, 1599. Kila kilele kimezidi mwenzake kwa 34, yaani haidrojeni imeondoka na klorini imekaa mahali pake. Gesi nilikuwa nimeifungia humo humo, inapika upya kile nilichokwisha kupika! Kwa miezi saba nikalaumu FeCl₃, nikaagiza mpya. Nikalaumu dikloromethani, kimiminika cha kuyeyushia, nikaikeneka upya. Nikapitisha unga kwenye kolamu za silika, yale mabomba ya kutenganishia kemikali, mpaka vidole vikachubuka, na kolamu haikutenganisha chochote.

Meza ya jirani, hatua mbili kutoka kwangu, alikaa mkubwa wetu wa maabara. Chupa yake ilikuwa na sindano iliyoingia ndani ya kimiminika chenyewe, mapovu yanachemka. Aliliona puto langu tangu mwezi wa kwanza. Nilipokuja kumuuliza hatimaye, alicheka: "Hukuniuliza." Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile, chai inaniwia chungu.

Siku iliyofuata nilishusha sindano mpaka chini, argoni ipite ndani ya kimiminika na kuifukuza HCl nje. Kwenye mdomo wa kutokea gesi nikaweka karatasi ya litmasi ya bluu iliyoloweshwa. Haikupita dakika ikawa nyekundu kama embe dodo shavuni. Nilisimama naitazama, machozi yananilengalenga. Dakika 45, methanoli, chujio. 1531, peke yake.

Sasa ushauri. Uliza. Sisi tuliosomeshwa kwa michango ya ukoo tuna ugonjwa huu: tunaona kuuliza ni kujivua nguo mbele za watu, tunaogopa wasije wakasema huyu wamemleta bure. Acha hiyo. Uliza siku ya kwanza, uliza na ya pili. Kisha andika kwenye daftari kila ulichofanya, hata puto, hata rangi yake. Daftari langu la miezi saba halikutaja puto hata mara moja, ndiyo maana msimamizi hakuweza kunisaidia. Na ukishajua, usimwache mwenzio azame mbele ya macho yako ukisubiri akuulize. Nimesema uliza? Uliza.

Ukiona vilele vimezidi kwa 2 badala ya 34, hilo ni jambo jingine, kifungo kimoja hakijafunga. Ongeza FeCl₃. Hesabu inadai 12 kwa kila molekuli, mimi sikuwahi kushuka chini ya 18.

Sindano iwe ndefu, ifike chini kabisa ya chupa, maana hizi za duka la dawa ni fupi. Litmasi nunua Dar kabla hujasafiri, haiongezi mzigo.